Chai ya Kijani Niliyomunywesha Mama ya Watoto

Mwaka wa 2019, nikiwa na miaka sitini na mbili, njo taabu iliingia kwangu. Mbele ya hapo nilijua shida, lakini zote nilizishinda kwa mikono. Baba hakuniachia kitu. Ng'ombe zangu, hapa juu ya milima ya Mushaki, nilizitafuta mwenyewe, na nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya shule ya msingi tu.

Bibi yangu, mama ya watoto, alinionyesha uvimbe ndani ya titi, mudogo na mugumu kama punje ya mahindi. Binti yetu mukubwa akasema tumupeleke hopitali ya Goma. Nikamujibu kwamba hopitali ni ya watu wasiojua kujitunza. Maana siku ya soko muntu mumoja alikuwa anauza majani ya chai ya kijani, akieleza kwamba watu wa mbali wanaoyakunywa hawashikwi na kansere. Boksi ilikuwa na maandiko. Niliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na kwa sababu niliweza kuisoma, niliiamini.

Kwanza nilipika yale majani ndani ya maziwa, kama tunavyopika chai kwetu; kumupa mugonjwa chai ya maji matupu ni kumutukana. Mwezi ukapita, uvimbe ukazidi. Nikarudi kwa muuzaji. Akasema kosa ni langu, maziwa njo yanaua nguvu ya majani. Basi nikakataza maziwa. Si ndani ya chai tu, bali yote, asubuhi na jioni. Muke aliyezaliwa kati ya ng'ombe, nikamunyima maziwa ndani ya nyumba yenye maziwa.

Wakati ule alikuwa anacheka bado. "Mzee, umeniachisha maziwa kama ndama, na majani unanipa. Imebakia tu kunipeleka malishoni."

Sikucheka. Nilimuambia akunywe.

Ilipita miezi minane. Ngozi ya titi ikapasuka, njo nikakubali hopitali. Munganga, mwanamuke kijana, hakunigombeza; afadhali angenigombeza. Alieleza kwamba wenye elimu wamechunguza wanaokunywa chai ile kwa miaka mingi: wengine waliona kama inasaidia kidogo, wengine hawakuona kitu, na hakuna aliyeweza kuhakikisha kwamba inazuia kansere. Nikamuuliza kama ni maziwa yaliyoharibu.

"Papa, maziwa haina kosa. Hata chai haina kosa, ni kinywaji tu. Na hata ingekuwa inakinga, kinga ni ya mbele ya ugonjwa. Mama alikuwa amekwisha kushikwa. Mungekuja uvimbe ukiwa mudogo, tungeukata."

Tulirudi nyumbani, maana hakukubakia tena kitu ya kukata. Nilimukamulia maziwa mwenyewe, nikamushikia kikombe. Akakunywa mara mbili, akatapika yote. Aliishi wiki tatu.

Watu wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakununua majani sokoni, wala hakumunyima muntu maziwa. Ni mimi.

Leo niko na ng'ombe ine, dume moja kati yao. Nyumba ya mbao, bati juu. Shamba ya maharagwe na viazi. Panga mbili. Redio. Kitanda kikubwa. Binti mukubwa, asiyenisemesha. Kaburi moja upande wa juu ya zizi, limezungushwa miti ili wanyama wasilikanyage.