Sauti ya P Kule Bugeshi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kinasa sauti, kalamu ya risasi na rundo la kadi tupu. Mkuu wa ofisi yetu ya utafiti wa lugha, hapa Gisenyi, Rwanda, alikuwa amerudi kutoka Kongo; mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania. Tulielewana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake; chake yeye kilichanganyika na Kifaransa.

"Bon," aliniambia, "we andika kile sikio inasikia. Usitengeneze."

Kazi ilikuwa kukusanya matamshi. Kila neno lilikuwa na kadi yake: nani kalitamka, wapi, na vipi. Tulitaka kujua maneno ya kukopa yameigeuzaje sauti ya Kinyarwanda. Vijana wengi hawajui kwamba p ikisimama peke yake ilikuwa adimu katika lugha hii; ilikuja baada ya m tu, na hata hapo husikika karibu kama h. Kisha yakaja maneno kama ipasi na ipapayi kutoka Kiswahili, na ipantalo, yaani suruali, kutoka Kifaransa, kila moja na p yake.

Kanama, nilikoanzia, watu waliitamka bila shida. Nikapelekwa Bugeshi. Huko nilimkuta Verediyana, mjane mzee aliyelima viazi. Nilimwonyesha pasi ya mkaa, nikamwomba aitaje.

"Ibasi," akasema, kwa b laini, midomo haikufungana kabisa.

Wajukuu wake wakacheka hadi wakainama. Nami nikacheka. Kwangu ilikuwa furaha ya kazi, maana nilikuwa nimempata mtu ambaye sauti mpya ilikuwa haijamfikia. Yeye aliona tu kwamba tumecheka wote. Akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akakataa kuendelea.

Ofisini, mkuu alisikiliza kanda mara mbili.

"Huyu mama iko na meno ngapi?"

"Machache, shefu."

"Donc hii si matamshi, ni pengo. Pasua kadi, futa kanda. Tafuta mutu iko na meno yote."

B na p zote ni sauti za midomo, meno hayahusiki. Nilijua hilo, lakini ilikuwa miezi yangu ya kwanza na niliitaka kazi. Nikapasua, nikafuta.

Miaka ikapita. Akaja mkuu mwingine, mama aliyesomea fonolojia, akauliza kama tuna ushahidi wa mtu aliyesema bila p. Nikamweleza.

"Rudi kwake," akasema.

Verediyana alikuwa hai, amekaa uani anachambua mbegu za viazi. Nikamwonyesha pasi.

"Ipasi," akasema, kwa p kavu. "Ulipoondoka wajukuu walinifundisha. Nilirudia mpaka nikaweza. Sasa hutanicheka tena, mwanangu."

"Bibi, naomba useme kama zamani."

"Zamani nilikuwa nakosea."

"Hukuwa unakosea."

"Basi mbona ulicheka?"

Nikazima kinasa sauti. Niliandika kadi mpya, na chini yake nikaongeza kwamba niliwahi kumsikia akisema ibasi, na kwamba kadi ya kwanza niliipasua mwenyewe. Mkuu aliisoma akairudisha: alichokumbuka msaidizi kama mimi si ushahidi. Alikuwa sahihi. Kwenye orodha yetu, Bugeshi ikaingia kama mahali ambapo wote wanatamka p.

Nimestaafu sasa. Wanaoingia kazi hii huja kuniuliza wanunue kinasa sauti gani. Mimi huwajibu kwamba chochote kinafaa. Ila wachunge nyuso zao wenyewe mtu anapowatamkia neno.