Hodi ya Tatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa na nyumba nyingine ndani yake, na hiyo ya pili ilikuwa na shetani. Ilikaa kwenye kaseti ya gemu ya televisheni, ya kijivu, aliyotuletea ami yetu kutoka Maskati pamoja na mashine iliyokwishatumika. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Sijapata kukutana na mtu mwengine aliyewahi kuicheza.

Mlikuwa na kijana mdogo mwenye taa, akitembea katika jumba la vyumba vingi. Kitufe kimoja kilimfanya anyanyue mkono, basi. Hatukujua cha nini. Chumba cha mwisho kilikuwa na mlango mwekundu. Kila alipousukuma, mwanamke mwenye nywele ndefu alimrukia, kioo kikawa cheusi, ukaanza upya.

Kaka yangu Nassor na binamu yetu Sleiman walihangaika na mlango ule wiki mbili. Mimi nilikuwa mtazamaji.

"Mtoto wa kike ataogopa," alisema Nassor, ambaye mwenyewe alifumba macho kila mlango ukifunguka.

Halafu Sleiman akashikwa na homa, na katika homa yake akawa anamtaja yule mwanamke. Bibi yetu, mama yake baba, hakupiga kelele. Alitia ubani kwenye chetezo, akafukiza chumba kizima, televisheni akaifukiza mara mbili, kisha akakata shauri.

"Huyo mwenye nyumba mshamuudhi. Akiridhika kabla ya magharibi, mashine itakaa. Asiporidhika, kesho inarudi kwa ami yenu."

Nassor akacheza tangu alasiri. Akafa mara sita, mara saba. Bibi alikaa mkekani akichambua mchele, macho kwenye sinia, na kumbe alikuwa akitazama.

"Hivyo ndivyo unavyoingia vyumba vya wanawake wa watu, Nassor?"

"Bibi, hii gemu."

"Na gemu haina mwenyewe?"

Nassor akacheka, akafa tena, akanitupia pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea.

"Haya, mjukuu wa bibi. Kampigie hodi wewe."

Alikuwa akinikejeli. Mimi nikafanya kama alivyosema. Nilimsimamisha kijana mbele ya mlango mwekundu, nikabonyeza kile kitufe, akanyanyua mkono.

"Hodi," nikasema, kwa sauti.

Kimya. Nikabonyeza tena, nikangoja. Nikabonyeza mara ya tatu. Kimya. Na sote mle ndani tulilelewa hivi: hodi tatu zisipoitikiwa, unarudi ulikotoka, bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutojibu. Nikamgeuza kijana wangu, nikaanza kumwondoa.

"We Rukia, unakwenda wapi?" alisema Nassor. "Sukuma mlango. Jua linakuchwa."

"Hatujakaribishwa."

Akanyoosha mkono kuichukua pedi.

"Mwache," alisema Bibi.

Hatua moja. Mbili. Tatu. Hatua ya nne, mlango ukafunguka wenyewe nyuma ya kijana. Mwanamke akatoka taratibu, akainamisha kichwa, akakaa kando akapisha njia. Hata muziki ulilainika. Nikamrudisha kijana, akapita. Nassor alikuwa amesahau kufumba macho.

Adhana ikaadhiniwa. Bibi akainuka, akakung'uta makapi kwenye kanga yake.

"Keshakukaribisheni. Zimeni, mkasali."

Mashine ikakaa. Kwa muda mrefu baadaye, kila jirani aliyeingia kwetu alisimuliwa jinsi mjukuu wa kike alivyomridhisha shetani aliyewashinda wanaume wawili, na mimi niliitwa nije nionekane.

Sleiman alipona, na dawa za hospitali zilikuwa na sehemu yake. Nshakuwa mtu mzima, na nnajua kuwa fundi fulani wa mbali, mtunzi wa gemu ile, ndiye aliyeuwekea mlango ule kanuni yake, pengine kwa sababu na kwao watu hubisha hodi. Ubani wa Bibi sina la kuusemea.

Najivuna kwa jambo dogo kuliko la kumridhisha shetani. Jioni ile pedi ilikuwa mkononi mwangu kwa mara ya kwanza, jua likizama, kaka yangu akinihimiza nisukume, na kila nilichokitaka kikiwa nyuma ya ule mlango. Niligeuka nikaondoka, na sikujua kwamba utafunguka.