Pedali ya Upande wa Baba

Baba yangu alikuwa mwalimu wa udereva hapa Kigali, na gari lake lilikuwa na pedali mbili za breki: moja ya mwanafunzi, nyingine upande wa abiria, alipokaa yeye. Zilishikana kwa chuma kilichopita chini ya dashibodi. Mwanafunzi akichelewa kukanyaga, baba alikanyaga kimyakimya, gari likasimama, kisha akasema, "Umesimama vizuri." Mwanafunzi akajiona bingwa. Hata mimi binti yake nilijiona bingwa, mpaka nilipoendesha gari la mtu mwingine.

Alipofariki tulifanya yote yanayotakiwa. Matanga tuliyaanua, nguo tukawagawia ndugu wa Kabuga, maandishi ya shule ya udereva tukayabandua mlangoni mwa gari. Pedali yake hakuna aliyeigusa. Mama, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alihamia kiti cha baba na mguu akauweka palepale. Nikiendesha mimi, kwenye mteremko aliikanyaga bila hodi, pikipiki za nyuma zikatupigia honi, nami nikafoka. Alinijibu kwa utulivu unaoudhi: "Baba yako angekanyaga."

Mwaka huu pedali yangu ikaanza kulegea. Ikikanyagwa ilichelewa kurudi, na asubuhi moja ikagoma kurudi kabisa. Tukaenda kwa fundi mmoja wa Gitega, hapahapa Kigali. Alijilaza chali chini ya usukani, akamulika na simu, akatoka akijifuta mikono.

"Dada, hii pedale iko imekwisha. Bushi zimekufa, na kishikio kimepasuka hapa, penye hiki chuma cha mwarimu. Naweka ingine nzima. Lakini ile ya huku lazima itoke. Ikibaki, itapasua na mpya."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, mkoba mapajani. Nikamweleza.

"Watengeneze ya kwako," alisema. "Ya baba yako ina kosa gani?"

"Ndiyo inayovunja ya kwangu, mama."

Alitazama viatu vyake. Nilijua ninachomwomba. Nguo za baba zilikuwa za mwili wake tu. Pale chini ndipo mahali pekee palipobaki ambapo bado alifanya kazi yake.

"Basi itoeni," alisema mama.

Fundi aliifungua ile pedali, akaifuta kwa kitambaa, akampa mama kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi kitu cha marehemu. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, baba alipozoea kuegemeza kidole gumba cha mguu. Mama aliifunga kwenye pembe ya kitenge. Nikamgombeza fundi kwa grisi aliyoacha kwenye kiti. Ndivyo nilivyo, huzuni yangu hutoka na maneno makali. Fundi alisema tu, "Pole, dada."

Tukarudi tukipita makutano ya Sonatubes. Taa ikawaka nyekundu, nikakanyaga. Pedali mpya ilikuwa ngumu, ikashika mapema. Kwa jicho la pembeni nikaona kiatu cha mama kikikandamiza zulia, juu ya matundu ya bolti. Gari likasimama. Mama hakuuondoa mguu.

"Nimesimamisha mimi au wewe?" aliuliza, akitazama mbele.

"Ni wewe, mama," nikasema. "Umesimama vizuri."