Uzi Mmoja na Kitaa Chekundu

Kile kidude kina vitufe tisa, na hadi leo ninavielewa vizuri vitatu tu. Wapiga gitaa wa Bukoba tunakiita priampu. Kinakaa sakafuni mbele ya mguu wako, waya mmoja unatoka kwenye gitaa na mwingine unakwenda kwenye spika. Kazi yake ni kuipokea sauti njiani, kuitia nguvu, kuisafisha, na ukipenda kuitia eko ili isikike kama imepigwa ndani ya kanisa kubwa. Nilikinunua kwa mwenzangu aliyekuwa anahamia Mwanza. Nilipomuuliza kitabu cha maelekezo, alisema kimeliwa na panya, nami nikamwamini. Siku hizi nahisi hata yeye hakuwahi kukielewa, ila alikuwa na sura ya mtu anayejua.

Kilinichanganya vibaya. Nikikanyaga huku, gitaa linalia kama liko pangoni. Nikikanyaga kule, linanyamaza kabisa. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa matoleo, lilinyamaza nikainama kutafuta waya uliochomoka, kwaya nzima ikinitazama kisogo. Kumbe nilikuwa nimekanyaga kitufe cha kutyuni, ambacho huzima sauti ili utengeneze nyuzi zako bila kuwasumbua watu. Kuuliza si ujinga, lakini mimi watu walikuwa wananiita fundi, na fundi atamuuliza nani?

Hata hivyo nilikipenda kitufe hicho kuliko vyote, kwa sababu ndicho pekee kilichosema wazi. Ukipiga uzi, kitaa kinawaka chekundu kama umekosea na kijani kama uko sawa. Na hakizimiki. Hata ukirudi kwenye wimbo wako, kinaendelea kukusema pale chini. Mimi ni mtu wa kubishana na kila mtu, lakini kwa kijani na chekundu nilinyoosha mikono.

Sasa nimweleze Tata, maana bila yeye habari hii haipo. Ndivyo tunavyomwita baba yetu. Anaishi Kishanda, wilayani Muleba, na migomba yake na kahawa yake, na anapiga enanga. Kila binti wa nyumba yetu alipoagwa kwenda kuolewa, Tata alikaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa na kumwimbia wimbo aliomtungia yeye peke yake. Mwishoni mwa wimbo anashuka hadi chini kabisa ya sauti yake na kumwita. Binti anaitika kutoka alipokaa, popote pale, ndipo wimbo unakwisha. Dada zangu watatu waliitwa na waliitika.

Alikuwa amebaki kitinda mimba. Lakini mwaka uliotangulia harusi yake Tata aliugua, akalazwa, akarudi na sauti ndogo kama ya mtu anayeongea ndani ya shuka. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Kaka, keki wafanye wanavyotaka. Mimi nataka niitwe kama wenzangu."

"Utaitwa."

"Na nikikaa mwisho wa turubai nisisikie je? Nitaitika nini mbele ya wakwe?"

Nikamwambia nina mashine.

Nilifika Kishanda Ijumaa mchana, sherehe ikiwa kesho yake. Tata alikuwa amelala. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Enanga ilikuwa imeegemezwa ukutani, mahali pake pa siku zote. Kwa asiyeijua, ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na shimo kama hori, na juu yake kuna nyuzi nane. Nasema nane, lakini uzi ni mmoja, unaokwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha. Zamani walitumia mishipa ya ng'ombe. Tata anatumia nailoni ya wavuvi, huletewa na wachuuzi wa samaki kutoka Bumbire.

Nikabandika kinasa sauti kwenye ubao, kile kidogo kama kifungo cha koti, nikaunganisha waya kwenye priampu, nikapiga uzi wa kwanza kujaribu. Kitaa kikawaka chekundu. Wa pili, chekundu. Nikapiga zote nane, hakuna hata mmoja uliokubaliwa.

Moyo uliniuma kwelikweli. Nilijisemea kwamba ugonjwa haukuchukua koo peke yake, umechukua na sikio, na mzee wangu hajui tena kwamba ala yake imelegea. Nikaamua kumsitiri. Ningeitengeneza akiwa amelala, aamke aikute iko sawa, asiambiwe lolote.

Hapo ndipo nilipojua maana ya uzi mmoja. Nikikaza wa kwanza hadi kijani, wa pili unapanda. Nikiulegeza wa pili, wa kwanza unarudi kwenye chekundu na wa tatu unavurugika. Nilizunguka namna hiyo saa mbili nzima, jasho likinitoka, nikiitukana nailoni, nikiwatukana wavuvi, nikimtukana panya aliyekula kitabu. Mwisho nilichukua kiberiti cha Mama, nikavunja njiti, nikabana kila mahali uzi unapogeukia, na pale unapoishia, ili usitembee. Kijani, kijani, kijani, hadi nane. Nilijiona mwana mwema sana.

Tata akaamka. Alitafuna kahawa kidogo kulainisha koo, akakaa, akaipakata enanga. Akapiga, akaanza kuimba. Mstari wa kwanza sauti yake ilipanda ikatua pembeni. Akanyamaza, akaanza upya. Ikatua pembeni tena. Mara ya tatu haikutua popote, ilikatika. Akaiweka enanga chini taratibu.

"Basi, waitu, jamani," alisema. "Imekwisha."

"Jaribu tena, Tata."

"Nimejaribu mara tatu. Koo limekataa. Mwambie mdogo wako asinisubiri."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilikitazama kitaa kule sakafuni, na kilikuwa kijani. Sikuelewa mbele wala nyuma. Enanga iko sawa, mashine inasema hivyo, kwa hiyo aliyekosea ni nani kama si yeye? Nilikaa kimya. Ukimya ule unaniaibisha kuliko njiti, maana sehemu fulani ndani yangu ilikuwa imeshaanza kupanga jinsi ya kumwambia bibi harusi.

Mama akatokea mlangoni, kisu cha ndizi mkononi. Mama hapigi chochote na hajawahi kuimba kwaya.

"Nani ameigusa hiyo enanga?"

Akasogea hadi ilipo.

"Miaka yote naisikia nikiwa jikoni. Hiyo siyo ya humu ndani. Nani ameigusa?"

Nikasema ni mimi. Nikaeleza kila kitu vibaya, kitaa, kijani, njiti, maneno yakigongana. Tata aliinama akazitazama zile njiti muda mrefu. Nilingoja anifokee. Natamani angenifokea.

"Ulidhani mimi ndiye niliyekosea," alisema.

"Nilidhani ule ugonjwa..."

Alizichomoa njiti moja moja na kila moja akanikabidhi mkononi, nane zote. Nyuzi zikalegea. Kisha akatoa mlio mdogo wa chini, midomo imefungwa, akaivuta ile nailoni polepole mpaka uzi wa kwanza ukawa pale pale ulipokuwa mlio wake.

"Tangu nitoke hospitali koo langu limeshuka," alisema. "Nikaishusha enanga ilifuate. Wewe umeipandisha unakotaka, ukaniacha mimi chini."

Akaendelea. Hakupigana na ule uzi. Alichukua kidogo huku akaupa uzi wa jirani kule, akasikiliza, akarudisha, na kabla hajamaliza kahawa ya mdomoni zote nane zilikuwa tayari. Kitaa kilikuwa chekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Akaimba. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilijua inakokwenda. Mama akarudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi turubai lilijaa hadi migombani. Mdogo wangu alikuwa amekaa mwisho kabisa na wasimamizi wake, mbali kuliko nilivyotegemea. Tata alikaa kwenye nyasi, kipaza sauti mbele ya mdomo, mimi nimechuchumaa kando yake na kidude changu. Spika zilipiga mluzi, watu wakaziba masikio. Nikazungusha kitufe kimoja kati ya vile vitatu, mluzi ukakatika. Vile sita vingine sikuvigusa hata kidogo.

Kabla ya kuanza, Tata aliinama akakitazama kitaa.

"Hicho chekundu kinasema nini?"

"Kinasema umekosea, Tata."

"Kiambie ninamuaga mwanangu."

Nikavua kofia nikakifunika. Akaanza. Sikujua kama niongeze sauti au nipunguze, kwa hiyo niliiacha. Alimsimulia binti yake tangu alipozaliwa msimu wa senene, hadi alivyokuwa anaficha viatu vya shule ili abaki nyumbani, na watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwishoni akashuka, akashuka tena, mpaka pale chini ambapo mimi siku moja kabla niliamua hapana kitu. Akamwita.

Njiti nane zilikuwa bado mfukoni mwangu, nilizishika.

"Tata!" mdogo wangu akaitika, kutoka mwisho wa turubai.