Taa ya Mzee Eliufoo

Saa tatu asubuhi, Aikaeli Makundi anafungua bahasha kwa meno. Mkasi upo mezani, lakini bahasha hii ameisubiri siku ishirini na tatu, na subira yake imeishia mlangoni mwa posta.

Ndani mna bodi tano za kijani, kila moja ndogo kuliko kiganja, kutoka kiwanda kimoja cha China. Anainyanyua moja kwenye mwanga wa mlango wa kibanda chake cha kutengeneza redio, karibu na soko la Mbuyuni mjini Moshi. Juu yake, kwa herufi nyeupe, kuna jina la baba yake: ELIUFOO.

"Jamani, imekuja nzuri kuliko nilivyoichora!" anasema, akicheka peke yake.

Kicheko hakimalizi dakika kumi. Anapojaribu kupachika vipuri, miguu haikubali. Wa kushoto umekwenda kulia, wa kulia umekwenda kushoto. Bodi zote tano zimegeuzwa.

Kosa hili angelifanya fundi redio tu. Kwa miaka kumi na minne Aikaeli amezitazama bodi kwa mgongo, upande wa lehemu, kwa sababu ndiko ugonjwa unakokaa. Alipochora ya kwake, akaichora kama alivyozoea kuona. Kiwanda nacho kikatengeneza kama kilivyoagizwa.

"Wangeniuliza tu, 'Dada, una uhakika?'" analalamika. "Lakini kwa bei ile, nani akuulize?"

Bodi tano zilimgharimu Sh5,500, na usafiri Sh46,000. Ni karibu kipato chake cha siku nne. Hata hivyo, kinachomuumiza ni kalenda. Leo ni Alhamisi, na Jumamosi ni zamu ya maji.

Huko Old Moshi, Mzee Eliufoo, mwenye miaka 78, ana kihamba, shamba la migomba na kahawa linalonyweshwa na mfongo, mfereji wa asili unaoshuka kutoka mlimani. Kila nyumba ina zamu yake, na pembe hupulizwa maji yanapofunguliwa. Usipokuwepo kwenye lango la mfereji, jirani wa chini anayachukua. Ukikosa mara tatu, zamu yako anapewa mwingine mpaka msimu ujao.

Mzee ameshakosa mara mbili. Masikio yamemtupa mkono. Zamani mkewe, Violet, ndiye aliyeisikia pembe na kumgusa begani. Violet alifariki miaka miwili iliyopita, na amezikwa katikati ya migomba hiyo hiyo.

Tangu akose mara ya pili, Mzee akawa anakwenda kukaa kando ya mfongo kabla ukungu haujainuka, akingoja maji kwa macho. Mwezi Juni akalazwa siku sita kwa homa ya mapafu.

"Nikamwambia, Baba, wewe kaa ndani, maji yatakuita," anasimulia Aikaeli.

Kifaa chenyewe ni rahisi: misumari miwili inagongewa kwenye mfongo. Maji yakiigusa yote miwili, taa inawaka sebuleni. Kifaa cha kwanza alikiunga mwenyewe kwa vipande vya waya, unyevu wa mlimani ukakila ndani ya wiki mbili. Ndipo akaagiza bodi za kiwandani.

Dominika, fundi cherehani wa kibanda cha pili, anachungulia. "We Aikaeli, kuna msiba?"

Anaelezwa. Anaichukua bodi moja, anaigeuza mbele na nyuma.

"Mimi nikishona ndani nje, napindua tu nguo. Hii haipinduki?"

Aikaeli anamtazama, kisha anaitazama bodi. Matundu yanapenya pande zote mbili. Anapachika vipuri kwa mgongo na kulehemu usoni, juu kabisa ya jina la baba yake. Taa inawaka. Dominika anapiga vigelegele mpaka wauza ndizi wanageuka.

Jumamosi asubuhi, nyumbani Old Moshi, Aikaeli anainama kwenye sikio la kulia la Mzee, lile lenye uhai kidogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Maji yamekuja?"

"Bado. Kunywa chai."

Mzee anakunywa, lakini mabuti ameshavaa. Hana imani na kitaa hicho kilichowekwa juu ya kigoda cha marehemu mkewe, na hafichi.

Saa nne kasoro robo, taa inawaka nyekundu.

Mzee anaweka kikombe chini polepole. Mkono wake unapanda wenyewe hadi begani.

"Mama yako alikuwa ananigusa hapa," anasema. Kisha anachukua jembe na kutoka, akitembea haraka kuliko daktari anavyotaka. Anayawahi maji. Aikaeli anabaki mlangoni akilia, wala hajifichi.

Bodi nne zimebaki. Zitakwenda kwa wazee wengine wa mfongo huu ambao masikio yao yamechoka, kuanzia kwa Bibi Mektrida wa nyumba ya juu. Baada ya hapo ataagiza nyingine, na safari hii atachora kwa uso.

"Ila jina nitabadilisha," anasema, akifuta macho kwa upande wa khanga. "Nitaandika VIOLET. Yeye ndiye aliyekuwa anaita."