Kukhu Alipoletwa Lugari

Nakumbuka siku moja ya mwaka wa pili wa Uhuru, mahindi yakianza kukauka shambani: tulimzika dada yangu Ayuma, pamoja na mtoto ambaye hakupata kulia.

Tulikuwa wageni Lugari, mwanangu, katika shamba lililokuwa la mzungu. Kwetu mama hazungumzi na binti yake mambo ya mwili. Kazi hiyo ni ya nyanya, tunayemwita Kukhu. Wasichana hulala nyumbani kwake na kumwuliza watakalo. Lakini Kukhu wetu alibaki Bukura, tulikotoka, kutunza makaburi.

Ayuma alipopata mimba, akiwa bado mwanafunzi, alienda zahanati peke yake, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Muuguzi akamwuliza kutoka mlangoni, "Wewe msichana, mume wako nani?" Wanawake wa kanisa letu walijaa kwenye benchi. Mmoja akacheka, "Labda ameolewa na shule!" Ayuma akarudi nyumbani, akajifunga leso, akanyamaza mpaka kifafa cha mimba kikamwangusha. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini dada hakuficha kwa kupenda.

Kukhu alipofika matangani alimwambia baba, "Mlihama na sufuria, mkahama na kuku, hata yule kuku kipofu. Mimi mkaniacha. Huyu mtoto angemwuliza nani?"

"Mama, tulidhani..."

"Mlidhani wasichana wa huku hawana miili?"

Hakurudi Bukura. Alimwendea muuguzi, wakakubaliana kwamba maswali yataulizwa ndani, mlango umefungwa. Kisha akaanza kuumwa mguu. Ulimuuma kila Alhamisi, na kila Alhamisi msichana mmoja alimshika mkono kumpeleka zahanati. Wanawake wakiuliza, alijibu, "Nimeleta mguu wangu. Huyu ni fimbo tu." Wakaingia wote wawili. Mimi pia nilipata kuwa fimbo yake.

Mwanangu, ukiwa na binti, mtafutie mtu wa kumwuliza kabla shida haijamfikia. Ukivaa nguo za muuguzi, funga mlango kwanza, na usianze na mume. Anza na panapouma. Nawe kijana, nenda mapema, ungali na nguvu za kutembea. Mungu akujalie anayejua kusikiliza.

Kukhu naye tulimzika. Alhamisi iliyofuata mama yangu, ambaye hakuwahi kutamka neno mimba mbele yetu, alijifunga kitambaa gotini, mguu mzima kabisa, akamwita binti wa jirani, wakaenda.