Mchuzi wa Nyongeza kwa Mama Rukia

Ng'ombe saba, punda mmoja wa kubeba maji, na mume. Hiyo ndiyo gharama ya mchuzi tuliokunywa kwa Mama Rukia mwaka ule wa themanini na nne. Nimeihesabu mara mbili nikitumaini mara ya pili itapungua. Haikupungua.

Wenzangu mliokulia Kibwezi enzi hizo hamhitaji kuelekezwa. Kwa wengine: ukitoka barabara ya Mombasa ukiingia sokoni, kabla ya kufika msikitini, kulikuwa na chumba cha mabati chenye meza nne, na mlangoni pipa lenye mfereji wa kunawia mikono. Jina halikuandikwa popote. Mama Rukia alikuwa Mkamba wa hapo hapo, aliyeolewa na Mzee Shee, mtu wa pwani aliyekuja kuuza vitambaa akaishia kukata vitunguu. Mzee alichinja na kupokea pesa. Mke alipika. Binti yao Rukia, ambaye mimi na yeye tulikaa dawati moja shuleni, alibeba jagi.

Jagi hilo ndilo lililoifanya hoteli iwe hoteli. Ulilipia nyama, na ugali au muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na kunde. Mchuzi hukulipia. Ukikuishia, unagonga bakuli la bati kwa kijiko, ko ko, na Rukia anakuja kukumiminia. Hakuna aliyekuuliza umegonga mara ngapi.

Baba yangu, ambaye mdomo huu wa kupunguza bei nimeurithi kwake, aliielewa hoteli hiyo kuliko wenyewe. Mwisho wa mwezi alitupeleka watu sita, akaagiza sahani mbili. Kisha aliinama juu ya sahani kama anayetafuta sindano.

"Mama Rukia, hizi nyama zimegombana? Mbona kila moja imekaa kona yake?"

"Baba Ndinda, ongeza pesa zipatane."

Basi tuligonga. Nakumbuka ule mchuzi kuliko ninavyokumbuka masomo: kitunguu kilichoachwa kiungue kidogo kwa makusudi, dania, moshi wa kuni za miiba uliokaa ndani ya nyanya. Mafuta yalielea juu, ukiinamisha bakuli yanakimbia upande mmoja. Tulilamba vidole hadi kwenye kiwiko. Vijana wa leo chakula kikiletwa wanakipiga picha kwanza, kinapoa, halafu wanalalamika kimepoa. Sisi kama mngetupiga picha mngekuta mabakuli matupu.

Halafu mvua ilikosa. Msimu uliofuata ikakosa tena. Mahindi yakatoweka madukani, na watu walikuwa na pesa zao mfukoni bila cha kununua, hata Wakamba wakaiita njaa hiyo kwa jina la mtu anayekufa akiwa ameshika pesa. Baba, aliyezoea kupunguziwa bei, alikutana na duka lisilo na bei kabisa. Alisimama kaunta, akaangalia rafu, akarudi nyumbani. Sijawahi kumwona akitoka dukani bila kubishana, kabla ya hapo wala baadaye.

Mwanzoni sisi watoto tulifurahi. Ng'ombe walikuwa wanaanguka, kila boma linawahi kuchinja kabla hawajajifia, kwa hiyo tulikula nyama asubuhi na jioni, bila ugali, mpaka tukaichukia. Mtoto analia kwa sababu amepewa nyama, jaribu kumweleza mjukuu wako hilo. Lakini ng'ombe waliisha. Shuleni mwalimu aliita majina, kukawa na yale yanayojibiwa na kimya. Baada ya muda akawa anayaruka.

Mama Rukia alikuwa na ng'ombe saba, aliopewa na babake na kuwakuza mwenyewe upande wa mtoni, ambako bado palikuwa na majani kidogo. Muthokoi ulipokwisha, hoteli ikabaki na nyama. Nyama ilipopungua, ikabaki na mchuzi. Watu wakaacha kuingia ndani. Walikuja na mabakuli ya kwao, wakasimama nje kando ya pipa lililokauka, wakagonga. Ko ko, tangu asubuhi. Na Rukia alitoka na jagi, kwa sababu hapo mchuzi haukuwahi kulipiwa, na mamake hakuona sababu ya kuanza mwaka ule.

Mzee Shee hakuwa mtu mbaya, sitaki mumfikirie hivyo. Alitaka wawauze ng'ombe wakiwa bado wanasimama, wachukue pesa, wahamie kwao pwani ambako mchele ulipatikana. Nilimsikia zaidi ya mara moja nikiwa foleni.

"Hawa si wateja, mke wangu. Wateja hula. Hawa wanagonga tu."

"Na wakigonga wasifunguliwe, waende wapi?"

"Hao ng'ombe ni mali yetu. Ni maisha ya Rukia."

"Hizo pesa nikishawauza nitazikaanga?"

Mzee akachinja wa kwanza. Akachinja wa pili. Mfupa mmoja ulichemshwa hadi ukawa mwepesi kama kijiti. Punda aliyeleta maji alianguka njiani kwa sababu mto ulikuwa umerudi nyuma na safari imekuwa ndefu, basi Mama Rukia akaubeba mtungi mwenyewe kwa kamba kichwani, kama mamake alivyofanya.

Alipobaki ng'ombe wa saba, yule wa maziwa mwenye pembe iliyopinda, Mzee Shee alikiweka kisu mezani. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi hiyo, nimetumwa na mama, na ndugu yangu mdogo amelala nyumbani hawezi kukaa.

"Huyu simchinji," Mzee alisema. "Basi la pwani linapita saa nne. Chagua, Mama Rukia. Mimi, au hao wa nje."

Mama Rukia aliangalia jiko. Nje bakuli liligongwa, na lilikuwa langu. Alichukua jagi akaja kunimiminia, na aliporudi ndani Mzee alikuwa anafunga sanduku. Ng'ombe alichinjwa na kijana wa msikitini. Ndugu yangu alikaa baada ya siku chache, na leo ni babu mwenye kitambi.

Mvua ilinyesha. Tulivuna mahindi, ndengu, mbaazi. Na kando ya barabara kuu mgeni mmoja akafungua hoteli yenye friji na redio ya kaseti. Mama Rukia naye alifungua tena, lakini hakuwa na ng'ombe wa kuchinja wala wa kukama. Alikuwa na chai ya rangi. Mama alimuuliza baba mbona hatuendi tena kule kwa zamani, naye akajibu, "Kule kwa mgeni chapati ni kubwa." Alikuwa amezipima kwa vidole. Watu wote walipima hivyo hivyo. Siku moja tulikuta kufuli mlangoni, na dawati langu likawa na nafasi. Rukia na mamake walikuwa wameenda Mombasa kupika majikoni mwa watu.

Sasa wamerudi. Rukia amekodi chumba nyuma ya soko, anafulia watu nguo. Mamake haoni tena. Mimi huuza ndengu kwa jumla, kwa hiyo nilimpelekea gunia. Alilipapasa.

"Ni kilo ngapi?"

"Hamsini, mwaitu." Ndivyo sisi humwita mama.

"Rudisha. Nikichukua itakuwa kumbe nilikuwa nauza. Mimi sikumuuzia mtu."

Nikashuka hadi ishirini. Kumi. Tano. Nimebishana na madalali wa Nairobi na sijawahi kubembeleza mtu achukue changu bure. Nilipofika kilo moja alicheka. "Ndinda, wewe ni babako mtupu." Na hakuchukua.

Rukia alinisindikiza hadi nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mamake siku hizi hula mara moja, kidogo, halafu anasema ameshiba ili Rukia amalize kilichobaki.

Enzi zetu soko lilikuwa na hoteli moja maskini, na hakuna aliyeondoka mlangoni pake bakuli likiwa tupu. Leo nimehesabu hoteli kumi na moja mtaa ule ule, nikarudia, kumi na moja, mchuzi una bei yake ukutani, na hatua chache nyuma yao yule mama analala na njaa. Nyinyi mliosimama foleni pamoja nami, wengine wenu mna magari na vyeo, nisaidieni mawazo: mtu kama huyu mnamlishaje, bila yeye kujua kwamba analipwa? Nijibuni haraka. Amepungua sana.